Nikifunga madirisha tunaungua, nikifungua mtoto anabanwa kifua

Ndugu washauri, habari za kazi.

Ninaishi Mbagala, Dar es Salaam, na nyumba yetu iko kama hatua thelathini kutoka barabara kuu ya daladala. Binti yangu Nasra ana miaka minane na ana pumu tangu akiwa na mitatu. Zamani alibanwa mara moja au mbili kwa mwaka, hasa wakati wa mvua. Mwaka huu, tangu Januari hadi sasa tunamaliza Machi, amebanwa mara nne, na mara mbili tulimkimbiza hospitali usiku. Anatumia inhela ya bluu peke yake. Makopo mawili yameisha na la tatu limefika nusu.

Usiku joto halilaliki. Nikifunga madirisha tunatoka jasho hadi asubuhi. Nikifungua, unaingia moshi wa magari na wa jirani anayechoma taka kila Magharibi. Sisi wenyewe tunapikia mkaa uani, karibu na dirisha la chumba cha watoto. Anayepika zaidi ni mama mkwe wangu, ana miaka 64, ana presha na anameza vidonge vya kukojosha.

Dukani nimeambiwa mashine ya kusafisha hewa ni laki nne na nusu. Tukijibana tunaipata. Baba Nasra anasema ni vumbi la msimu tu, na mambo ya tabianchi ni ya kwenye redio. Dada yangu anataka mtoto apelekwe kijijini kwa bibi yake. Nishike lipi?

Mama Nasra, Mbagala

JIBU

Mama Nasra, pole sana kwa kuuguza, na ahsante kwa kuhesabu makopo ya dawa. Hesabu hiyo ndiyo iliyotushtua kuliko yote uliyoandika, kwa hiyo tunaanza nayo kabla ya madirisha.

Kopo la kawaida la salbutamol, hiyo inhela ya bluu, lina dozi 200. Makopo mawili na nusu ni kubonyeza mara 500, na kwa miezi mitatu hiyo ni zaidi ya mara tano kila siku. Mtoto anayehitaji dawa ya bluu zaidi ya siku mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa. Anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka mzima yuko kwenye hatari ya kupata shambulio kubwa, na Nasra anakaribia kiwango hicho kabla masika haijakolea. Sababu ni kwamba dawa ya bluu hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache, basi. Uvimbe uliomo ndani ya njia hizo hauugusi. Uvimbe ukibaki, moshi kidogo unatosha kumbana.

Kinachoondoa uvimbe ni dawa ya kuzuia, inayovutwa pia kwa inhela: beclometasone au budesonide. Nenda kliniki wiki hii ukaiulizie kwa jina. Hutumika kila siku hata mtoto akiwa mzima kabisa, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki kadhaa. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama: siku ya tatu hawaoni tofauti, wanaiacha. Usiiache. Kila baada ya kuivuta, Nasra asukutue mdomo kwa maji na ateme, la sivyo atapata utando mweupe wa fangasi mdomoni.

Dawa ya inhela ya kopo ni nusu hasara kama mtoto anaivuta moja kwa moja mdomoni, kwa sababu sehemu kubwa hupiga koo na kubaki huko. Anahitaji spesa, ile chupa ya kuvutia dawa. Ikikosekana, chupa ya maji ya nusu lita inafanya kazi vizuri. Ioshe. Chukua waya mgumu, uukunje ulingane na umbo la mdomo wa inhela, uupashe moto ukiwa nje ya nyumba, kisha utoboe kitako cha chupa. Mdomo wa inhela uingie kwa kubana. Ukiona mwanya, ziba kwa gundi au utepe, maana dawa hupotelea hapo. Kung'uta mabaki ya plastiki, osha kwa sabuni ya vyombo, kisha iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inapata umeme tuli na dawa inaganda kwenye kuta za chupa. Ondoa kifuniko, Nasra aweke mdomo wake kwenye mdomo wa chupa. Tikisa inhela, bonyeza mara moja, avute pumzi nne hadi sita za kawaida, ndipo utikise na kubonyeza tena. Kubonyeza mara mbili mfululizo ni kupoteza dawa.

Akibanwa, mketishe wima, usimlaze. Mpe dawa ya bluu mara nne kwa utaratibu huo huo, moja moja. Subiri dakika nne. Asipopata nafuu, mpe nne nyingine na uanze safari ya hospitali, ukiendelea kumpa njiani. Usisubiri hizo dakika nne kama hawezi kumaliza sentensi, ngozi inaingia ndani katikati ya mbavu kila anapovuta, midomo imekuwa ya kijivu au bluu, au analegea na kusinzia. Na kifua kilichokuwa kinalia filimbi kikinyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa haipiti. Kimbia.

Inhela isihifadhiwe mahali penye zaidi ya nyuzi 30, wala isiachwe ndani ya bajaji au gari lililoegeshwa juani. Kopo lina shinikizo, na joto huharibu kipimo cha dawa.

Sasa tuje kwenye hewa na hoja ya Baba Nasra. Tunamheshimu, na nusu ya anachosema ni kweli. Tabianchi haichomi taka wala haiendeshi daladala. Moshi unaombana Nasra umetoka mtaani kwenu na barabarani kwenu, na hakuna daktari anayeweza kunyoosha kidole kwenye shambulio moja akasema hili limeletwa na tabianchi. Ila moshi ule ule sasa unadhuru zaidi kuliko zamani, na hapo tabianchi inahusika.

Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote duniani tangu vipimo vianze, na wa kwanza kupita nyuzi 1.5 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Mjini joto hilo linaongezewa na lami, zege na mabati, ambavyo hunywa jua mchana na kulitema usiku. Matokeo yake ni hayo uliyoandika: usiku haulaliki, madirisha yanafunguliwa saa ambayo hewa ni chafu kuliko zote. Mvua nayo ndiyo fagio la hewa ya mji. Ikichelewa, vumbi na masizi hukaa hewani siku nyingi zaidi. Jua kali likipiga moshi wa magari, gesi zake hugeuka kuwa ozoni, ambayo huwasha njia za hewa, na hufikia kilele kati ya saa 7 mchana na saa 10 jioni. Kisha mvua zikija kwa kishindo, kama zilivyokuja Aprili 2024, kuta zinalowa na ukungu unaota, na ukungu ni adui mwingine wa pumu. Kwa hiyo "msimu" anaousema Baba Nasra upo, ila hauko kama alivyouzoea.

Kinachodhuru zaidi hapo kwenu ni chembe laini, zile zinazoitwa PM2.5 kwa kuwa upana wake hauzidi mikromita 2.5 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa mtu una mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo pua na koo haziwezi kuzizuia chembe hizo. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilipunguza viwango vyake mwaka 2021: zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku, na wastani wa mwaka usizidi 5.

Habari njema ni kwamba hewa ina saa zake, na ratiba ya madirisha haina gharama. Jua likizama ardhi hupoa, hewa ya chini hupoa kabla ya ile ya juu, na hewa ya joto inakaa juu kama mfuniko wa sufuria. Upepo unatulia. Moshi wa magari, majiko na taka unabaki usawa wa pua, kuanzia Magharibi hadi asubuhi. Kuanzia saa 4 asubuhi hivi jua limeshapasha ardhi, mfuniko unavunjika, upepo wa baharini unaingia na uchafu unatawanyika kwenda juu.

Fungua nyumba yote kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni. Saa 11 jioni funga, hasa upande wa barabara na wa jirani, na washa pangaboi. Mnapoona taka zimezimika na magari yamepungua, mara nyingi saa 3 au 4 usiku, fungua dirisha la upande usiotazama barabara. Alfajiri, kabla daladala hazijaanza kupishana, funga tena la barabarani hadi saa 4 asubuhi. Kama mna chumba cha nyuma, watoto walale huko. Uchafu wa magari hupungua sana ndani ya mita 150 hadi 200 kutoka barabarani, na ninyi mko ndani kabisa ya eneo hilo, lakini hata ukuta mmoja katikati unasaidia. Vivyo hivyo njia ya kwenda shule: apite mitaa ya ndani hata kama inaongeza dakika tano, asitembee pembeni ya barabara kuu ambako pua yake iko karibu na usawa wa mabomba ya moshi. Michezo ya kukimbia iwe asubuhi baada ya saa 4, siyo saa 8 mchana wa jua na ozoni.

Zile saa za kufunga zitakuwa na joto, hatukufichi. Punguza joto kabla halijaingia: mkeka au turubai jepesi likitundikwa nje ya dirisha linashinda pazia la ndani, maana jua linazuiwa kabla halijapita kioo. Bati lililopakwa rangi nyeupe na dari chini yake hubadilisha chumba kabisa. Hayo ndiyo matumizi mazuri ya fedha kuliko mengine mengi. Mtoto aoge kabla ya kulala, kitambaa chenye maji kikae shingoni, pangaboi limpulizie. Na mama mkwe wako asifungiwe kwenye joto. Akisikia kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa, fungua mara moja, moshi au hakuna moshi.

Tukimtaja yeye, ukweli ni kwamba mama mkwe ndiye anayevuta moshi mwingi kuliko wote nyumbani kwenu, na kwenye barua umemtaja kwa sentensi moja tu. Chembe laini hupandisha presha na huongeza hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Vidonge vya kukojosha vinatoa maji na chumvi, joto linatoa tena, na anayeinama kwenye jiko akainuka ghafla anaweza kuanguka. Asiache vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe. Amwambie daktari kwamba anapika kwenye joto, presha ipimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama, na aulize kiasi cha maji anachopaswa kunywa. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikwama, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Jiko lihame leo. Liende upande wa pili wa ua, mbali na dirisha lolote, mahali ambapo upepo unaondoa moshi badala ya kuuleta ndani. Ila kumbuka: sasa inavuma kaskazi, baada ya mwezi au miwili itaingia kusi. Mahali panapofaa leo panaweza kuwa pabaya mwezi Juni, kwa hiyo angalia upya upepo ukigeuka. Mkaa usiwashwe kwa mifuko ya nailoni wala vipande vya plastiki, kwani moshi wake una sumu inayozidi ile ya mkaa wenyewe. Dakika za kuwasha ndizo zenye moshi mwingi, hivyo Nasra asikae karibu wala asitumwe kupepea. Na jiko lisiingizwe ndani hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyo na moshi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Maharage yalowekwe usiku kucha, saa 8 au zaidi, na yapikwe na mfuniko. Mkaa utapungua sana. Kisha lengeni gesi au jiko la umeme la presha. Jiko hilo hupika maharage yaliyolowekwa kwa chini ya uniti moja ya umeme. Mtungi wa kilo 6 unatosha kuanzia: usimame wima, mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni kila mnapobadilisha mtungi, na mapovu yakionekana yanakua, gesi inavuja. Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034 wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania, kwa hiyo ulizia serikali ya mtaa kama kuna mitungi au majiko ya ruzuku. Masizi ya mkaa hukaa hewani siku hadi wiki chache tu, na yakiwa huko hupasha dunia joto. Ukiyapunguza, faida inaonekana kwenu mapema, kwenye kifua cha mtoto na kwenye hewa ya mtaa.

Hukutaja mbu, lakini kama mnawasha zile dawa za duara chumbani, ziacheni kuanzia usiku wa leo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba moja ikiungua yote inaweza kutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Tumieni chandarua chenye dawa. Udi na ubani tunajua nafasi yake nyumbani: fukiza mchana Nasra akiwa shuleni, madirisha yakiwa wazi, na chetezo kisiingie chumba anacholala. Nyumba ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa kukavu.

Masika ikikolea, kagua kuta na nyuma ya kabati kila wiki. Ukungu mdogo usuguliwe kwa maji ya sabuni, kisha dawa ya klorini, kikombe kimoja (ml 240) kwa lita 4 za maji. Usiichanganye kamwe na asidi ya choo wala dawa nyingine. Nasra awe nje hadi harufu iishe. Godoro lililolowa na mafuriko na halikukauka ndani ya siku mbili, litupwe.

Kwa jirani, nenda asubuhi siyo Magharibi moto ukiwaka, na nenda na suluhisho. Watu wengi huchoma kwa sababu gari la taka halifiki au linachelewa. Majani na maganda yanaweza kuwa mboji, chupa za plastiki wapo wanaozinunua kwa kilo, na kinachobaki ni kidogo kusubiri gari. Asipokubali, andika kwa wiki mbili tarehe, saa ya moto, upepo unatoka wapi na hali ya Nasra usiku huo. Mpelekee mjumbe, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha afisa afya wa kata. Daftari lenye tarehe husikilizwa kuliko malalamiko ya mdomo.

Mashine ya laki nne na nusu, kwa sasa hapana. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 28. Ili isaidie, mashine isafishe hewa hiyo mara tano kwa saa, yaani isipungue mita za ujazo 142 kwa saa. Uliza namba hiyo dukani. Hata ikiwa nayo, lazima chumba kifungwe, na nyumba yenye vioo vya luva na matundu ya hewa juu ya dirisha haifungiki. Umeme ukikatika, inanyamaza. Zile zinazotangazwa kutoa ozoni ziepuke kabisa. Kipimo kidogo cha hewa nacho si lazima. Ukikinunua, ujue alfajiri kinazidisha, kwa sababu kwenye unyevu mwingi chembe hunyonya maji na kunenepa. Barakoa ya N95 huzuia chembe ikibana uso vizuri, ila haizuii gesi, na nyingi ni kubwa kwa mtoto wa miaka minane.

Kijijini je? Kama huko wanapika kwa kuni ndani ya nyumba, Nasra atakutana na moshi mzito zaidi, akiwa mbali na hospitali. Asiende kuishi huko kabla pumu haijatulia.

Siku ya kliniki beba makopo yote, hata matupu, pamoja na ile chupa na daftari. Nasra avute dawa mbele ya muuguzi, na asahihishwe pale pale. Muombe daktari akuandikie kwenye karatasi nini afanyiwe akibanwa, nakala moja ibandikwe ukutani, nyingine apewe mwalimu wake pamoja na inhela ya bluu ya kukaa shuleni. Omba tarehe ya kurudi isiyozidi miezi mitatu.